Fundi Redio Anajibu: Albamu za Roki Ambazo Siziuzi

Toleo lililopita nilitaja albamu tatu za roki ambazo haziondoki kwenye kabati langu hata mtu aje na bei gani: Wish You Were Here ya Pink Floyd, Paranoid ya Black Sabbath, na Queen II ya kundi la Queen. Sikueleza sana. Barua zilizokuja zinataka maelezo, na mojawapo inataka ugomvi kabisa. Nazijibu hapa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimezoea Bongo Fleva na singeli, ila mwenzangu wa bwenini ananisifia roki kila siku. Nimeijaribu Wish You Were Here uliyoitaja, nikaona inakawia mno kuanza. Dakika zinapita hakuna anayeimba. Nikaiacha. Nimekosa nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Sauti ya mwimbaji katika wimbo ule wa kwanza inaingia baada ya dakika zaidi ya nane. Wewe umetoka kwenye singeli, ambako MC anakudaka kabla hujakaa vizuri, kwa hiyo nakuelewa. Lakini dakika zile zina kazi yake. Kinanda cha Richard Wright kinatanda peke yake, polepole, mpaka chumba kizima kinajaa. Gitaa la David Gilmour linasema kidogo, linatulia. Kisha zinakuja noti nne. Nne tu, kimya, halafu zilezile tena. Kila nikizisikia naona kuna mtu anaitwa na haitiki.

Na anayeitwa yupo. Ni Syd Barrett, aliyekuwa mtunzi na mwimbaji wao mkuu walipoanza, kabla akili yake haijayumba na dawa za kulevya hazijamwongezea mzigo. Mwaka 1968 wenzake wakaendelea bila yeye. Juni 1975 wamo studio ya Abbey Road jijini London, wanashughulika na wimbo huohuo unaomhusu, akaingia mtu mnene, amenyoa kichwa na nyusi. Wakamwangalia wasimjue. Ilichukua muda mpaka mmoja wao akang'amua kwamba ni Syd. Na baadhi yao ni watu waliokua naye. Nikiujua mkasa huo, siwezi tena kulalamika kwamba wimbo unakawia.

Mimi albamu hii niliikuta ndani ya redio kaseti ya baharia mmoja hapa Tanga, iliyoletwa kwangu kwa kuwa inameza kanda. Nikabadilisha mpira, nikasafisha kichwa kwa spiriti, nikaijaribu kwa kanda iliyokuwamo. Kipande kilichonishika kipo katikati. Wimbo wa Have a Cigar ukifika mwisho, muziki wote unanyonywa na kubaki mwembamba, kama unatoka kwenye redio ya mfukoni. Unasikia mtu anazungusha kitafuta stesheni: watu wanaongea, mikwaruzo, kipande cha simfoni ya Tchaikovsky. Halafu gitaa la nyuzi 12, bado limo ndani ya redio. Mtu anakohoa. Anavuta pumzi. Ndipo gitaa la pili linaingia, pana, liko karibu na sikio lako, na unatambua kwamba kuna mtu amekaa chumbani peke yake anapiga gitaa kuifuatisha redio. Mimi nimekulia kwenye mawimbi mafupi, nikitafuta stesheni usiku wakati wengine wamelala. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu ameuweka upweke ule kwenye muziki.

Kile kikohozi wangeweza kukifuta. Wamekiacha, na kwangu ndicho kinachomweka yule mtu chumbani.

Rudia tena. Nyimbo zote tano kwa mpangilio wake, bila kuruka, na simu yako isiwe mkononi. Kama bado hutaipenda, basi si yako, na hakuna ubaya.

SWALI: Fundi, mimi ni kondakta wa daladala. Nasikiliza muziki kwenye simu usiku nikirudi nyumbani. Hii habari ya kusikiliza albamu nzima kwa mpangilio inatuhusu na sisi, au ni ya wenye santuri?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Inakuhusu kabisa. Zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo, hilo la kwanza. La pili, programu nyingi huacha mwanya mdogo kati ya wimbo na wimbo. Ingia kwenye mipangilio uuondoe, maana kuna albamu ambazo wimbo mmoja unaingia ndani ya mwingine, na mwanya wa sekunde moja tu unaziharibu.

Halafu kumbuka jambo hili. Upande mmoja wa santuri unachukua kama dakika 20 na ushee. Kwa hiyo waliotengeneza walilazimika kuamua wimbo upi ufunge upande A kabla msikilizaji hajainuka kugeuza sahani, na upi ufungue upande B. Chukua The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd haohao, ya 1973. Upande A unafungwa na mwanamke asiyetamka neno hata moja. Anaitwa Clare Torry. Alikuwa mwimbaji wa kukodishwa studio, wakampigia simu, akaenda Jumapili, wakamwambia wimbo unahusu kifo na kwamba hawataki maneno. Akaimba alivyojisikia: anaanza kwa kupasua, anashuka, anabembeleza, mwishoni anakuwa kama mtu aliyekubali. Akalipwa pauni 30. Akatoka pale akidhani amezidisha na kwamba hawataitumia. Miaka zaidi ya 30 baadaye alidai haki yake ya utunzi, wakaelewana mwaka 2005, na sasa jina lake limeandikwa kama mtunzi mwenza. Nilifurahi kama ndugu yangu ndiye aliyelipwa.

Ukigeuza sahani, upande B unaanza kwa sarafu na mlio wa mashine ya fedha ya dukani. Umetoka msibani umeingia sokoni. Kwenye simu hakuna kugeuza, kwa hiyo sauti ya yule mama ikiisha, simamisha mwenyewe. Tulia kidogo, kisha endelea.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mwanangu yupo kidato cha tatu. Siku hizi anavaa fulana nyeusi na anasikiliza hao Black Sabbath uliowasifu. Nimesikia ni muziki wa shetani, na kweli nikasikiliza kwa makini nikasikia shetani anatajwa. Sisi ni familia ya kanisa. Nimnyang'anye simu?
Mama wa watoto watatu, Arusha

JIBU: Salama dada yangu. Umefanya jambo ambalo wazazi wengi hawalifanyi: umesikiliza. Na masikio yako hayakukudanganya. Shetani anatajwa mwishoni mwa War Pigs, wimbo unaofungua Paranoid ya mwaka 1970. Sasa angalia anatajwa wapi. Wimbo wote unawalaani majenerali na wanasiasa wanaoanzisha vita, wao wakajificha na kuwaachia maskini wakapigane. Ilikuwa wakati wa vita vya Vietnam. Mwishoni siku ya hukumu imefika, wale wakubwa wanatambaa kwa magoti wanaomba msamaha wa dhambi zao, na shetani anacheka kwa sababu amewapata. Mchungaji wako angeweza kuhubiri kitu hichohicho Jumapili. Kwenye albamu hiyohiyo kuna Hand of Doom, kuhusu askari waliorudi na uraibu wa heroini, na ukiufuatilia maneno yake hutapata onyo kali kuliko lile. Albamu iliyofuata, Master of Reality ya 1971, ina wimbo wa After Forever, ambao maneno yake yaliandikwa na Geezer Butler, mpiga besi wao aliyelelewa Kikatoliki. Unawauliza wanaomkana Mungu kama wamewahi kufikiria roho zao.

Sina nia ya kukufanya uupende muziki huo. Ni mzito na umekusudiwa uwe mzito. Ila naomba ujue uzito ule ulitoka wapi, kwa sababu mimi ndiyo sababu yangu ya kuupenda. Tony Iommi, mpiga gitaa wao, alikuwa kijana wa miaka 17 akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati Birmingham. Siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Wakamwambia gitaa basi. Meneja wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono na bado akapiga solo kwa vidole viwili. Iommi akaenda nyumbani, akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavibandika ngozi juu yake ili vishike uzi. Akatumia nyuzi nyembamba zisizomuumiza, na baadaye akazilegeza zaidi ili asiumie kuzivuta. Nyuzi zikilegea, sauti inashuka chini. Ule mngurumo unaousikia chumbani kwa mwanao una maumivu ya kijana wa kiwandani ndani yake.

Mimi nashika koleo na chuma cha kulehemu kila siku. Nikimsikia Iommi, nasikia fundi.

Simu usimnyang'anye. Keti naye, msikilize War Pigs pamoja, umwulize maneno yake yana maana gani. Kama hayajui, mwambie ayatafute akueleze. Utapata mazungumzo ambayo hujayapata naye muda mrefu. Ila la kuchelewa kulala kwa ajili ya muziki, hilo mkatalie.

SWALI: Assalaam aleikum mzee. Mimi mkaazi wa Mji Mkongwe, na huku kila mgeni anataka kuoneshwa nyumba ya Freddie Mercury. Nimeshangaa umeitaja Queen II ukaiacha A Night at the Opera, yenye Bohemian Rhapsody. Na nakuuliza kwa dhati: ndani ya muziki wake imo Zanzibar?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam. Nianze na la mwisho. Freddie, mwimbaji wa Queen, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa hapo kwenu tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi, baba yake akiwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja kijana, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Mji ulimlea utoto wake, na yeye mwenyewe hakuuzungumzia sana. Kwa hiyo nikisikia watu wanatafuta taarab ndani ya Queen, siwafuati. Nasikia "Bismillah" kwenye Bohemian Rhapsody kama unavyoisikia wewe, na nywele zinanisimama. Nasikia pia jinsi anavyoanza Mustapha kwenye albamu ya Jazz ya 1978, sauti tupu bila ala, na najiuliza sikio la mtoto wa Mji Mkongwe lilihifadhi nini. Zaidi ya hapo nisimsemee marehemu.

Sasa Queen II, ya Machi 1974. Pande zake hawakuziita A na B, waliziita Mweupe na Mweusi. Mweusi wote ni utunzi wa Freddie. Unaanza na Ogre Battle, ambao mwanzo wake ni muziki uliorudishwa kinyumenyume, kisha nyimbo zinashikana mikono bila kupumua mpaka The March of the Black Queen. Humo ndani yumo mtu ambaye hajawa maarufu na hana subira. Kila baada ya nusu dakika ana wazo jipya: piano, kwaya ya sauti zake mwenyewe zilizopangwa juu ya nyingine, gitaa linapiga kelele, ghafla mnong'ono. Bohemian Rhapsody ni bora kwa ufundi, sikatai. Lakini kwenye Queen II ndipo namsikia akiutafuta wimbo ule, mwaka mmoja na nusu kabla hajaupata, na mimi kumsikia mtu anatafuta kunanigusa kuliko kumsikia ameshapata.

Na kuna sababu ya kifundi, ambayo huenda ni ya kwangu peke yangu. Wimbo unaofungua upande Mweupe, Procession, karibu wote ni magitaa ya Brian May. Gitaa lake alilitengeneza nyumbani na baba yake, shingo yake imetokana na mbao ya meko ya zamani. Amplifaya iliyotumika kwenye wimbo huo iliundwa na John Deacon, mpiga besi wao, kwa saketi aliyoiokota kwenye takataka, inayotumia betri ya volti 9. Takataka! Na imetoa sauti kama ya vinanda na tarumbeta za mazishi ya mfalme. Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu huwasikilizisha dakika ile moja kabla sijawakabidhi bisibisi.

SWALI: Fundi, orodha yako yote ni Waingereza. Sisi Waafrika hatuna roki? Au wewe umeshatekwa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Tunayo, tena nzito. Tatu zile nilizitaja kwa kuwa ndizo nilizokaa nazo muda mrefu zaidi. Za kwetu zilinifikia baadaye, kwa sababu santuri zake zilitoka chache na zikapotea kwa miaka mingi.

Anza Zambia. Miaka ya 70, kwenye miji ya migodi ya shaba, vijana walishika magitaa ya umeme wakatengeneza kitu kinachoitwa Zamrock. Kundi kubwa ni WITCH, na mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alipachikwa jina la Jagari kutokana na Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Albamu yao ya Lazy Bones!! ya mwaka 1975 ndiyo ninayokupendekezea. Gitaa la solo limejaa mkwaruzo mtupu. Unajua njia mojawapo ya zamani ya kuupata mkwaruzo wa aina ile? Spika iliyochanika. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la Kinks aliichana karatasi ya spika yake kwa wembe ili gitaa ligune. Mimi watu wananilipa niwazibie spika zao zisikwaruze, na hawa wanaupenda mchaniko wenyewe, na kwenye Lazy Bones!! naupenda pamoja nao. Ila kinachoifanya albamu ile iwe ya Zambia ni ile dramu na besi chini yake. Hazina haraka. Zinatembea kama watu waliozoea kucheza dansi mpaka asubuhi.

Kuna pia Amanaz, na albamu yao ya Africa ya mwaka huohuo. Hiyo ina huzuni zaidi. Ile Khala My Friend isikilize siku ambayo huna mgeni.

Na hapa nyumbani, usisahau Sunburst wa Dar es Salaam. Albamu yao ya Ave Africa ilitoka 1976, na kampuni ya Strut ya London ikaitoa upya 2016 pamoja na rekodi zao nyingine. Humo kuna roki, kuna soul, kuna ngoma za kwetu, kuna Kiswahili. Mtindo wao waliuita Kitoto, maana bendi ya Tanzania bila jina la mtindo haijakamilika. Nilipomsikia James Mpungo anaimba Kiswahili juu ya gitaa lenye mkwaruzo, nilikasirika. Nilikasirika kwamba kitu hiki kilikuwapo Dar es Salaam, na mimi fundi redio, masikio wazi mchana kutwa, hakuna redio hata moja iliyonichezea. Nenda kaitafute leo. Wakiulizwa wajukuu zetu, wawe na jibu.

SWALI: Babu yangu alifanya kazi melini, ameniachia santuri. Mojawapo ni London Calling ya The Clash, sahani mbili. Ya kwanza imepinda kidogo, sindano inapanda na kushuka. Naweza kuinyoosha?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Unaweza, kwa subira. Ifute vumbi kwanza kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kisha ilaze katikati ya vioo viwili bapa, juu yake uweke vitabu vizito, uiache wiki kadhaa mahali penye ubaridi. Usiianike juani na usiikaribishe na pasi, hata jirani akuapie kwamba kwake ilifaulu. Joto likizidi mifereji ya sahani inalainika, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Kama mpindo ni mdogo na sindano hairuki, bora uiache ilivyo.

Hongera kwa urithi huo. Albamu ile ilitoka Uingereza Desemba 1979, na The Clash walishikilia kwamba sahani mbili ziuzwe kwa bei ya moja, ili kijana asiye na kazi aweze kuinunua. Aliye kwenye picha ya jalada, anayeibamiza gitaa la besi sakafuni, ni Paul Simonon, jukwaani New York. Huyohuyo ndiye aliyetunga na kuimba The Guns of Brixton, wimbo unaofunga upande wa pili wa sahani yako hiyo iliyopinda. Amekulia miongoni mwa Wajamaika wa kusini mwa London, na inasikika: besi inakwenda kwa mwendo wa rege, nzito, inaacha nafasi kubwa kati ya noti na noti. Nikimaliza kutengeneza amplifaya ya mtu, wimbo ninaoijaribia ni huo. Besi ikitoka safi bila kuvimba, namwita mwenyewe aje kuchukua mali yake.